Mshale Chini ya Mstari Mwekundu

6 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza vituko. Mimi huku sijambo, ila baridi ya huku juu inanitoa makamasi kila asubuhi kama mtoto wa chekechea.

Ndani ya kifurushi alichokuletea kondakta utakuta kitu kama saa. Usitafute pa kutia ufunguo, hapapo. Ina mshale mmoja tu na haina habari kama ni saa ngapi. Ofisini tunaiita baromita. Kazi yake ni kupima uzito wa hewa iliyotukalia kichwani. Hii ilikuwa ukutani kwa mkuu wa zamu, akaletewa mpya, nami nikaiomba kabla haijatupwa.

Najua utauliza ya nini. Baba, wenzako wote hapo mtaani wana redio. Sisi huku tukichora kimbunga kwenye ramani, jioni kinatangazwa, na kila mtu anajua isipokuwa wewe, ambaye ukiwekewa redio sikioni unauliza kama imewashwa. Sasa angalau utakuwa na kitu cha kutazama.

Siku za kawaida mshale unakaa karibu na 1010. Utapanda kidogo asubuhi na kushuka kidogo alasiri, usihangaike nao, ndivyo hewa inavyopumua. Ila ukiuona unashuka, kesho yake unashuka tena, wala haurudi juu, ujue baharini kuna jambo linakuja. Penye 1000 nimepaka mstari mwekundu kwa rangi yangu ya kucha. Mshale ukiwa chini ya mstari huo, wewe ni mtu wa ndani.

Msalimie sana Mama Cherehani hapo ng'ambo ya uchochoro. Mwulize harusi ni lini, nianze kutafuta nguo.

Binti yako,
Chenga

14 Januari

Mwanangu Chenga,

Marahaba. Barua imefika, na saa yako ya mkono mmoja imefika, kioo hakina hata ufa. Mimi mzima. Goti linauma ninapokaa na linauma ninapoinuka, kwa hiyo halina upendeleo.

Nimeitundika karibu na mlango. Leo inasema 1011. Mama Cherehani alikuja kuitazama, akaigonga kioo kwa kidole chenye kastabini, akasema kitu, nikamwambia aandike. Akaandika kwenye kipande chake cha karatasi ya kukatia nguo: "Mwanao anasomea upepo, sisi tunaula." Akacheka mpaka akashika ukuta. Ile karatasi nimeiweka, nitakuonyesha ukija.

Kuhusu harusi, koma kabisa. Mimi miaka thelathini na moja ya mashine ya kusaga imekula masikio yangu, na yeye miaka tisa ameniazima ya kwake, basi. Kamba yetu bado ipo. Ile ya katani ilioza, nimeweka ya nailoni. Inatoka dirishani kwake, inavuka uchochoro, hatua kumi na mbili nimezipima, inaingia kwangu mpaka kwenye mkono wangu wa kushoto. Mgeni akibisha mlangoni kwangu kama mwendawazimu, yeye anavuta, natoka. Chai ikiiva, anavuta. Mpira wa kuendeshea cherehani ukikatika, anavuta. Sijawahi kuvutwa nisitoke, hata siku ile nilikuwa na sabuni machoni.

Kula vizuri. Na huyo mkuu wa zamu, kama ana vitu vingine vya kutupa, usiniletee tena. Nyumba ni ndogo.

Baba yako

9 Februari

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi mzima wa mwili. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi aishike mkononi, asiichanganye na mizigo. Isome mara mbili.

Kuna kimbunga. Tumekiona kwenye picha ya setilaiti tangu juzi, na jana kimeacha kuyumba, kimenyoosha kuja kwenu. Kinaweza kupinda bado, maana hawa wana tabia ya kupinda dakika za mwisho, lakini mimi nimechora njia yake mara kumi na kila nikichora inapita juu ya mtaa wetu.

Nikueleze kilivyo, kwa lugha ya kazi yako. Kinazaliwa juu ya maji ya moto ya bahari. Hayo maji ndiyo mafuta yake ya kuendeshea. Kikifika nchi kavu kinaanza kuishiwa, lakini nyie wa pwani mnakipata tenki likiwa limejaa. Kinazunguka kama jiwe la kusagia. Upepo wa kwenye jiwe unakimbia kuliko gari lolote ulilowahi kupanda, ila kimbunga chenyewe kwa ujumla wake kinatembea polepole, hiki ni kilometa ishirini kwa saa, mwendo wa baiskeli. Ndiyo maana mateso yake ni marefu.

Sasa sikiliza, yaani soma. Pale katikati ya jiwe, unapomwagia nafaka, si pana tundu? Kimbunga nacho kina tundu, tunaliita jicho. Jicho likifika juu yenu, upepo unakatika ghafla, mvua inakatika, pengine na jua linatoka. Watu wanafungua milango, wanashukuru Mungu, wanaenda kuokota mabati yao. Halafu upande wa pili wa jiwe unafika. Upepo unarudi kwa nguvu ileile, kutoka upande wa pili kabisa. Ukuta ulioegemezwa na upepo wa kwanza, wa pili unausukuma kinyume chake, nao ndio unaoanguka. Utulivu unakaa muda gani, inategemea: chukua upana wa jicho, gawanya kwa mwendo. Hesabu uliyonifundisha mwenyewe ya magunia na saa.

Wewe hutasikia upepo ukiisha. Utaweka kiganja mlangoni kama ulivyozoea, mlango utaacha kutetemeka, na utadhani yamekwisha. Usiamini mlango. Tazama mshale. Ndani ya jicho mshale ndio uko chini kuliko wakati wote. Niahidi kwamba hutafungua mpaka mshale upande upite mstari mwekundu. Hata kamba ikivutwa, Baba. Nakujua, Mama Cherehani akivuta unatoka mbio kama kijana wa miaka ishirini. Mwambie na yeye sheria hii, ili asikuvute.

Afadhali zaidi, nendeni shuleni kilimani nyote wawili. Kama hamtaki, basi kaeni kwako, kuta zako ni za matofali ya saruji na dari ni ya zege. Kwake ni matofali ya udongo, na juu ni boriti na bati tu. Tafadhali.

Mkuu wa zamu ananiambia kazi yetu ni kuchora, hatuzuii. Najua. Lakini nachora paa la nyumbani kwetu.

Binti yako,
Chenga

11 Februari

Mwanangu Chenga,

Marahaba. Barua ilifika jana jioni, dereva aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, kamba ikavutwa. Nimeisoma mara tatu.

Mshale juzi ulikuwa 1006. Jana 1003. Sasa hivi umekaa juu ya mstari wako wa kucha. Mbingu haina kitu, ni nyeupe tu, ila mawimbi yamekuwa makubwa bila upepo. Gari la matangazo limepita asubuhi. Niliuona mdomo wa kipaza sauti juu ya paa lake.

Shuleni sitaenda. Goti halipandi kilima kile, na kubebwa mgongoni na vijana mtaa mzima ukitazama, hapana. Mama Cherehani dada yake alimtumia mtu waende wote bara, akakataa. Nikamwambia nenda. Akaandika: "Na masikio yako nimwachie nani?" Nikamwambia basi njoo ukae kwangu, dari ni ya zege. Akaandika kwamba ana sare arobaini za shule mezani, cherehani haibebeki, na watu watasema nini. Nilitaka kumwambia tena. Nikaona aibu, Chenga. Mzee mzima kumwambia mwanamke mara ya pili aje alale kwangu. 

Kamba tumeihamisha. Juu ya uchochoro upepo ungeikata, kwa hiyo nimeipitisha chini ndani ya bomba kuukuu la plastiki na kuifukia. Nimejaribu, inavutika vizuri. Amenifunga mwenyewe mkononi, fundo la kishonaji, anasema la kwangu hufunguka nikilala.

Nimemweleza habari za jicho na sheria yako. Nimechora jiwe na tundu. Ameelewa, akapeleka kidole kwenye tundu, akaandika: "Hapo ndipo nitakapokuvuta, nione kama unamtii mwanao au unanitii mimi." Tumecheka sana.

Nakuahidi. Mshale usipopita mstari, mlango haufunguliwi. Nampa barua dereva wa basi la mwisho.

Baba yako

13 Februari

Baba,

Shikamoo. Niandike nini. Sijui kama u mzima, na bado naandika shikamoo.

Jana nilikuwa kazini tangu saa kumi na moja alfajiri. Picha za setilaiti zinaingia kila nusu saa, na kati ya picha na picha nilikuwa nasimama dirishani. Huku jua lilikuwa linawaka. Watu chini walikuwa wananunua magazeti. Mimi najua upepo ulipo juu ya paa la nyumba ya baba yangu, najua unatoka upande gani, na siwezi hata kukushika mkono nikuonyeshe.

Jicho lilifika kwenu saa nne kasorobo asubuhi. Lilikuwa safi, la mviringo, kama limekatwa kwa mkasi. Nimelipima kwa rula mara nyingi mpaka karatasi imechanika: upana kilometa kumi na tano. Na limepita juu ya mtaa wetu katikati kabisa, halikukwepa. Mwendo ishirini kwa saa. Kwa hiyo dakika arobaini na tano, mpaka saa nne na nusu. Dakika zote hizo nilikaa nimeziba mdomo kwa kiganja nikisema usitoke, usitoke, usitoke. Mkuu wa zamu aliniletea chai, ikapoa.

Ulipoanza upande wa pili nikalia, kwa sababu nilijua hukutoka. Nakujua. Uliahidi.

Sasa kimefika nchi kavu na kinaishiwa, ni mvua tu. Wanasema daraja limekwenda na nguzo za simu zimelala. Naitia barua hii kwenye gari la posta hivyo hivyo, labda watapata njia. Niandikie neno moja tu. Mwambie Mama Cherehani anisamehe kwa kumkataza asikuvute.

Binti yako,
Chenga

22 Februari

Mwanangu Chenga,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari kulitafuta. Nyumba imesimama, mlango umepasuka lakini haukufunguka. Barua hii naibebesha lori la misaada linalopita njia ya mlimani. Ya mwisho kunifikia ni ile ya tarehe tisa. Wanasema mifuko ya posta iliyokuja baadaye imezama pale darajani, kwa hiyo kama uliandika, sijasoma.

Mama Cherehani amefariki.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikiruka sitamaliza.

Alfajiri mlango ulianza kutetemeka. Kufika saa mbili ilikuwa kama nimeshika mashine ya kusaga iliyolegea skrubu zote. Mshale ulishuka nikiutazama, 985, 974, 961. Sakafu iliingia maji, saa yangu ya mkononi ikalowa ikasimama. Halafu mlango ukanyamaza. Chini ya mlango nikaona mwanga wa jua. Mshale ulikuwa 958. Nikasema moyoni, Chenga, umesema kweli, hili ndilo tundu.

Kamba ikavutwa.

Nilicheka. Nakuapia nilicheka. Nikasema huyu mama hata leo hajaacha mzaha. Ikavutwa tena. Nikaivuta na mimi kidogo, kumjibu kwamba nimemwona. Ikavutwa kwa nguvu, mara nyingi, na mimi nikatikisa kichwa peke yangu kama mjinga, nikasema huniwezi, nimeahidi. Nilizihesabu mpaka kumi na tisa. Baadaye zikawa ndogondogo. Nilisimama mkono kwenye komeo. Nilianza kuwaza, mzaha gani mrefu hivi. Nikautazama mshale, ukawa palepale. Nikauondoa mkono. Halafu mlango ukapigwa kutoka upande wa pili, na kamba ikalegea.

Mshale ulipita mstari wako saa za jioni. Nikafungua.

Boriti ya paa lake ilimwangukia miguuni katika upepo wa kwanza. Alikuwa chini ya meza ya cherehani, amelalia sare. Ukuta ulimwangukia katika upepo wa pili, ule wa upande wa bahari, kama ulivyosema. Mtu yeyote mwenye masikio angemsikia akiita. Hatua kumi na mbili. Ila mtaa mzima ulikuwa shuleni, nilikuwa mimi peke yangu.

Chini ya kitanda changu ninayo jeki, ile ya kuinulia jiwe la mashine. Niliitumia kumtoa. Kuondoa matofali kulichukua muda, lakini boriti yenyewe, mimi peke yangu na goti langu, ilikuwa kama dakika ishirini. Nilimwomba jirani aliyerudi anipimie muda kwa saa yake wakati nainua. Sijui kwa nini nilimwomba. Nadhani nilijua kwamba ningekuja kuuliza.

Alikuwa ameizungusha kamba kiganjani mara nne. Nilikata upande wake kwa kisu.

Usijilaumu. Wa mtaa wa chini walitoka wakati wa jua kuokota mabati, na sita hawajaonekana. Sheria yako ni ya kweli. Lakini nataka kitu kimoja, na wewe ndiye pekee unayekijua. Hapa kila mtu anasema lake: mmoja anasema utulivu ulikuwa saa nzima, mwingine anasema hata chai isingechemka. Kwangu ulikuwa mrefu kama mwaka na mfupi kama kupiga chafya, siwezi kuuamini. Wewe unalo jicho hilo kwenye karatasi. Upana gawanya kwa mwendo. Niambie dakika.

Baba yako

1 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata barua yako jana. Nilikaa nayo kwenye ngazi za ofisi mpaka mlinzi akanishika bega.

Pole, Baba. Pole sana. Sina neno lingine, nimetafuta. Mimi ndiye niliyeandika "hata kamba ikivutwa". Niliandika kama utani, nikaona nimesema jambo la busara. Nilitaka kuja siku hiyohiyo, basi haliendi, na lori la misaada halichukui abiria. Niko huku nakunja nguo kwenye begi na kuzikunjua.

Kuhusu ulichouliza. Nimeangalia picha. Jicho lilikuwa dogo. Vimbunga vingine vina jicho dogo sana, hasa vikiwa na nguvu nyingi, na hiki kilikuwa hivyo. Upana kilometa tatu na kidogo, mwendo ishirini kwa saa. Dakika kumi, Baba. Kumi tu. Ungefika kwake, ungekuwa bado unaiweka jeki sawa, upepo ungerudi na kuwakuta wote wawili. Usingeweza. Hakuna ambaye angeweza.

Tafadhali kula. Tafadhali lala. Usiiangalie tena hiyo baromita, ifunike kwa kitambaa.

Binti yako,
Chenga

20 Machi

Mwanangu Chenga,

Marahaba. Mimi mzima, goti linaendelea na tabia zake. Nakula. Dada yake Mama Cherehani amekuja, tumesafisha uwanja. Cherehani ilikuwa imepinda mguu tu, nimeunyoosha, ameichukua. Sare tulizifua, thelathini na nane zilifaa.

Leo tarishi ameleta barua zako mbili kwa mkupuo. Mifuko ilipatikana kwenye matope chini ya daraja, wakaianika. Moja imekakamaa kama ngozi na wino umetawanyika, ila inasomeka. Ni ya tarehe kumi na tatu Februari. Nyingine ni ya tarehe moja. Nikazisoma kwa mpangilio wa tarehe.

Ulipoandika ile ya kwanza ulikuwa hujui lolote. Ulikuwa unapima tu kwa rula, na rula ilisema arobaini na tano. Kwa hiyo sitauliza tena.

Sijakasirika. Ningekuwa wewe ningeandika dakika tano. Lakini habari za upepo usinifiche tena. Nyingine nifiche ukitaka.

Umeandika kwenye ile ya matope kwamba ulikaa umeziba mdomo, unasema usitoke. Nimesoma hapo mara nyingi. Tulikuwa wawili basi, wewe huko umeshika mdomo, mimi huku nimeshika komeo, na yeye katikati anavuta. Wote tulikuwa tunafanya tulichojua.

Baromita sijaifunika. Leo iko 1012.

Upande wangu wa kamba bado uko mkononi. Kipande chenyewe ni kifupi, kama urefu wa kidole. Fundo lilikaza kwa maji, na kwa mkono mmoja siliwezi. Watu wananiletea kisu, mmoja aliniletea hata ule mkasi wa Mama Cherehani wa kukatia vitambaa. Nimewakatalia. Wanasema daraja litapitika mwezi ujao. Wewe una vidole vyembamba kama vyake. Ukija, kabla hata ya chai, nifungulie taratibu.

Baba yako